Simu moja, watoto watatu: mwongozo kamili wa familia pale shule inapofundisha kwa mtandao

Kila shule inapohamia mtandaoni, lawama ni zile zile. Mzazi anasema mtoto amefanya kazi zote. Mwalimu anasema hajaona hata moja. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli: kazi imefanyika, imepigwa picha, kisha ikabaki kwenye simu, au imetumwa kwa akaunti ya baba, au imeambatishwa vizuri lakini kitufe cha mwisho hakikubonyezwa.

Mwongozo huu ni wa familia ya kawaida ya Tanzania au Kenya: simu janja moja ya Android, bando la kupima, watoto wawili watatu wa madarasa tofauti, na shule inayotumia grupu la WhatsApp, Google Classroom na vipindi vya moja kwa moja kwa Google Meet au Zoom. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye simu nyingi.

Hatua ya 1 hadi ya 4 hufanywa mara moja tu. Tenga jioni moja. Usizianze asubuhi ya kipindi cha kwanza, maana hapo ndipo watu hubonyeza ovyo na kufungua akaunti tatu kwa mtoto mmoja.

## Vitu vya kuandaa

- Simu ya Android yenye nafasi wazi ya angalau GB 3, na chaja inayofanya kazi. Kama umeme unakatika kwenu, tafuta pawabenki. Ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Hesabu mara moja na kitu, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani.
- Laini yenye mtandao mzuri ndani ya nyumba. Ijaribu pale pale mtoto atakapokaa, si nje barazani.
- Spika za masikioni zenye maiki. Za bei ya chini zinatosha.
- Daftari moja la mawasiliano, lisilotumika kwa kitu kingine.
- Kalamu ya wino wa bluu au mweusi na karatasi nyeupe zenye mistari. Kazi ya penseli haisomeki vizuri kwenye picha.
- Meza karibu na dirisha.

## Hatua ya 1: Omba maelezo ya shule kwa maandishi

Maelezo ya mdomo getini hayatoshi. Wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka kama kazi ya hisabati ilitakiwa kwenye WhatsApp au Classroom. Mwandikie mwalimu wa darasa ujumbe mmoja, kwake binafsi, si kwenye grupu:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni Mama Neema, wa Darasa la 5B. Nyumbani tuna simu moja na wanafunzi watatu. Naomba unisaidie haya: 1) Neema atumie akaunti ya shule au ya kwetu? 2) Namba ya kujiunga ya kila somo ni ipi? 3) Vipindi vya moja kwa moja ni siku gani na saa ngapi? 4) Kazi zikabidhiwe wapi na mwisho saa ngapi? 5) Mahudhurio mnayahesabu kwa kuingia kipindini au kwa kukabidhi kazi? 6) Mtandao ukitusumbua, nimpigie nani? Asante sana."

Swali la 5 ndilo wazazi wengi hulisahau. Kuna shule zinazohesabu mtoto yupo kwa sababu kazi yake imefika, hata kama hakuwa kipindini. Kwa familia yenye simu moja, jibu hilo linabadilisha ratiba nzima ya nyumba.

Sentensi ya "tuna simu moja" usiione aibu kuiandika. Mwalimu asipojua, atadhani mtoto ni mtoro. Akijua, anaweza kurekodi kipindi au kusogeza muda wa kukabidhi.

Utajua umefanikiwa: majibu yote sita yako kwenye daftari, kila mtoto na ukurasa wake. Kwenye WhatsApp, bonyeza na ushikilie ujumbe wa mwalimu, kisha uuwekee nyota ili usizame chini ya salamu na mabango.

## Hatua ya 2: Andaa simu

Anza na saa na tarehe. Nenda kwenye Settings, tafuta "Date & time", washa upangaji wa moja kwa moja. Simu yenye tarehe isiyo sahihi hukataa kuingia kwenye akaunti ya Google na hutoa onyo la usalama ambalo halitaji tarehe kabisa, hivyo watu huhangaika na nywila isiyo na kosa lolote.

Kisha futa uchafu. Fungua WhatsApp, nenda Settings, "Storage and data", halafu "Manage storage". Video za grupu la ukoo na za mahubiri ndizo hula nafasi nyingi. Hapo hapo kwenye "Storage and data", zima upakuaji wa picha, video na mafaili unapotumia bando. Usipozima, kila video inayotumwa kwenye grupu lolote itashuka yenyewe kwa gharama yako. Baada ya hapo utakuwa unagusa faili unalolitaka ndipo lipakuliwe.

Weka programu nne: Google Classroom, Google Drive, Google Meet, na Zoom kama shule inaitumia. Zipakue kwenye Play Store tu. Faili la kuweka programu likitumwa kwenye grupu na mzazi mwenzio, liache, hata kama ni mtu wa nia njema.

Utajua umefanikiwa: simu ina nafasi wazi ya GB 3 au zaidi baada ya programu zote kuwekwa.

## Hatua ya 3: Akaunti ya kila mtoto

Sehemu kubwa ya kazi zinazopotea hupotelea hapa, kwa hiyo nenda polepole.

Akaunti ya shule au binafsi? Shule nyingi zinazotumia Classroom humpa mwanafunzi akaunti yenye anwani ya shule. Kenya mara nyingi inaishia na ".sc.ke". Kama shule imetoa akaunti hiyo, itumie hiyo tu. Kwa kawaida darasa la shule halimpokei mtu mwenye Gmail ya binafsi. Namba ya kujiunga inakuwa sahihi, herufi zote ziko sawa, na bado linakataa. Mzazi huomba namba mpya mara tatu, kumbe tatizo ni akaunti.

Kama shule haitoi akaunti. Mtoto wa miaka 13 na kuendelea anaweza kuwa na akaunti yake ya Google. Aliye chini ya hapo hufunguliwa akaunti ya mtoto inayosimamiwa na mzazi kupitia Family Link, programu ya Google ya wazazi. Usidanganye mwaka wa kuzaliwa ili umalize haraka. Mzazi anayeandika mwaka wa uongo anamkosesha mtoto ulinzi wa maudhui aliostahili, na Google ikija kuona umri haufikii, huweza kuifunga akaunti katikati ya muhula.

Jina. Jina kwenye akaunti liwe lile lililo kwenye rejesta ya shule. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 akiona "Mama Junior" au "Simba wa Yuda" kwenye orodha, hana namna ya kujua amwekee nani alama.

Nywila. Akaunti ya shule huja na nywila ya muda, na mara ya kwanza kuingia inakulazimisha kuibadilisha. Iandike kwenye daftari kabla hujabonyeza kukubali, ukitofautisha herufi kubwa na ndogo. Ikisahaulika, Google hawatakusaidia. Anayeweza kuirejesha ni msimamizi wa mfumo wa shule, na siku za mwanzo huyo huwa amezidiwa na wazazi.

Namba ya simu ya uthibitisho. Iwe ya simu iliyopo nyumbani na mtoto. Pwani na Visiwani kuna watoto wengi wanaolelewa na bibi huku mama au baba yuko kazini Muscat au Dubai. Mzazi aliyefungua akaunti akiweka namba yake ya huko, basi kila akaunti ikifunguliwa kwenye simu mpya, tarakimu za uthibitisho zitaenda Omani saa ambayo yeye yuko kazini na hashiki simu. Bibi anabaki na kioo kinachosubiri namba. Namba ya bibi iwe ya kwanza, na ya mzazi aliye mbali iwe ya akiba.

Akaunti nyingi, simu moja. Android inakubali akaunti zaidi ya moja kwa pamoja: Settings, "Accounts", "Add account". Huna haja ya kutoka na kuingia kila mtoto anapobadilishana na mwenzake. Ndani ya Classroom, Drive na Meet, gusa picha ndogo ya duara juu kulia kisha uchague jina la mtoto aliyekaa. Ili wasichanganyikiwe, kila akaunti iwekee picha tofauti: ua, gari, samaki. Mtoto wa Darasa la 2 atalitambua duara la samaki kabla hajaweza kusoma anwani ndefu.

Utajua umefanikiwa: ukigusa lile duara unaona watoto wote kwa majina yao kamili, na daftari lina anwani na nywila ya kila mmoja.

## Hatua ya 4: Jiunge na madarasa, kisha jaribu

1. Fungua Classroom. Tazama duara juu kulia: ni akaunti ya mtoto husika?
2. Gusa alama ya kujumlisha, kisha "Join class".
3. Bandika namba ya kujiunga. Ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kwa kawaida 6 hadi 8, bila nafasi katikati. Inakili moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe wa mwalimu. Ukiichapa kwa mkono, herufi o na tarakimu 0 zitakusumbua, vivyo hivyo l na 1.
4. Gusa "Join".

Rudia kwa kila somo na kila mtoto. Kama namba inakataa na akaunti ni sahihi, huenda mwalimu ameibadilisha au ameizima; mwombe amwalike mtoto moja kwa moja kwa anwani yake.

Sasa omba kazi ya majaribio. Mwalimu akikubali kuweka kazi moja isiyo na alama, kama vile picha ya jina la mtoto kwenye karatasi, familia nzima itajifunza Hatua ya 7 bila hofu. Hakuna jambo linalopunguza matatizo ya wiki ya kwanza kama hili.

Utajua umefanikiwa: idadi ya masomo kwenye Classroom ni sawa na ile uliyoiandika kwenye daftari, na mwalimu amethibitisha kumwona mtoto kwenye orodha.

## Hatua ya 5: Ratiba ya nyumba, na mtego wa saa

Simu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Ukiona 10:00 AM ukaisoma saa 10, utamkalisha mtoto alasiri kusubiri kipindi kilichokwisha asubuhi. Bandika hili ukutani:

- 8:00 AM ni saa 2 asubuhi
- 10:00 AM ni saa 4 asubuhi
- 2:00 PM ni saa 8 mchana
- 11:59 PM ni saa 5:59 usiku
- 12:00 AM ni saa 6 usiku, na siku mpya imeanza

Huo wa mwisho ndio unaowaumiza wengi. Kazi iliyoandikwa mwisho wake ni Ijumaa 12:00 AM inafungwa usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani lazima ikabidhiwe Alhamisi. Mwalimu akiweka tarehe bila saa, Classroom huweka 11:59 PM ya siku hiyo. Kwa usalama, nyumbani kwenu mwisho uwe saa 12 jioni ya siku ya kukabidhi. Usiku mtandao huelemewa, umeme unaweza kukatika, na mtoto amechoka.

Mzazi anayepanga ratiba akiwa Omani au Falme za Kiarabu akumbuke kuwa huko ni saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Mwaliko ukifunguliwa kwenye simu yake utaonyesha saa ya huko.

Watoto wawili wakigongana muda, kanuni yangu ni hii: simu aipate yule ambaye kipindi chake hakirekodiwi. Wakilingana, aipate aliye kwenye darasa la mtihani wa taifa. Mwingine afanye kazi za karatasi muda huo, na mwalimu wake ajulishwe mapema, sio baada ya kipindi.

## Hatua ya 6: Kipindi cha moja kwa moja

Bando kwanza. Kipindi cha kikundi chenye video kwenye Zoom kinaweza kula zaidi ya MB 800 kwa saa. Kwa kiwango hicho, vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki ni takriban GB 2 kwa mtoto mmoja. Usinunue bando kwa kubahatisha. Baada ya kipindi cha kwanza, fungua Settings, sehemu ya matumizi ya data, uone Zoom au Meet imekula kiasi gani, kisha uzidishe kwa idadi ya vipindi vya wiki.

Kuzima kamera ya mtoto kunapunguza data inayotoka tu. Picha za wenzake zinaendelea kuingia, na hizo ndizo nyingi. Kwenye Zoom, telezesha kidole kwenda kulia hadi ufike kwenye "Safe driving mode", hali iliyotengenezwa kwa madereva: video inasimama, sauti inaendelea. Kwenye Meet, tafuta kwenye Settings sehemu ya kupunguza matumizi ya data na uiwashe. Somo la kusikiliza, mfano Kiswahili au historia, linafuatika vizuri kwa sauti pekee. Hisabati na sayansi zinahitaji ubao, hivyo tumia video hapo.

Dakika 10 kabla:

1. Chaji iwe juu ya nusu, au chaja iwe imechomekwa.
2. Washa "Do not disturb". Simu ikipigwa katikati, sauti ya kipindi hukatika, na mtoto mdogo hajui kurudi.
3. Gusa linki ya mwalimu, kisha hakikisha akaunti iliyochaguliwa ni ya mtoto. Linki kwa kawaida hujifungua na akaunti ya kwanza ya simu, ambayo ni yako. Mwalimu akiona jina asilolijua linaomba kuingia, hatamkubali, na anafanya sawa kabisa.
4. Kwenye Zoom andika jina kamili na darasa: Neema Juma 5B.
5. Maiki izimwe, iwashwe pale tu mtoto anapojibu.

Kwa mtoto mdogo anayechomoka kwenda kwenye michezo, tumia kufunga programu moja kwenye kioo. Kwenye simu nyingi za Android ipo Settings, sehemu ya usalama, kwa jina "App pinning" au "Screen pinning".

Kipindi kikikatika ghafla kwa wote, usihangaike na mtandao. Zoom ya bure hukata mkutano dakika ya 40, na Meet ya bure hukata kikundi dakika ya 60. Gusa linki ile ile tena. Walimu wengi huendelea nayo.

Jambo moja ambalo nalisisitiza kwa moyo wote: usimjibie mtoto. Kunong'ona nyuma ya simu kunamnyima mwalimu nafasi ya kujua mtoto amekwama wapi, na mtoto anajifunza kuogopa kukosea mbele ya wenzake. Kaa karibu, shughulikia simu, mengine muachie.

Utajua umefanikiwa: mtoto anaweza kukwambia kwa maneno yake kipindi kilihusu nini na amepewa kazi gani.

## Hatua ya 7: Kufanya kazi na kuikabidhi

Mtoto aandike kazi yake kwenye karatasi. Juu ya kila ukurasa: jina kamili, darasa, somo, tarehe, na namba ya ukurasa, mfano 2/4. Kurasa zisipohesabiwa, mwalimu anaanza kusahihisha swali la 7 kabla ya la 1.

Kutengeneza faili moja. Picha moja ya kamera ya simu inaweza kufika MB 3 hadi 5. Kurasa nane ni MB 30, na mwalimu wa watu inabidi afungue picha nane za kila mtoto. Tumia skana iliyomo ndani ya Google Drive:

1. Fungua Drive kwa akaunti ya mtoto.
2. Gusa alama ya kujumlisha, kisha "Scan".
3. Laza karatasi mezani karibu na dirisha. Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii karatasi. Shika simu sambamba na meza. Ikiinama, mistari ya mwisho hufifia.
4. Piga ukurasa wa kwanza, kisha ongeza unaofuata bila kutoka, hadi kurasa zote ziishe.
5. Hifadhi kama PDF kwa jina linaloeleweka: Neema-Juma-5B-Hisabati-12Mei.

Kabla ya kuendelea, fungua faili na usome sentensi ya mwisho ya kila ukurasa. Kama wewe ukiwa na karatasi mkononi huwezi kuisoma kwenye kioo, mwalimu hataweza.

Kukabidhi kwenye Classroom:

1. Fungua darasa, kisha "Classwork", kisha kazi husika.
2. Vuta juu sehemu ya "Your work".
3. Gusa "Add attachment", chagua faili kutoka kwenye Drive ya mtoto.
4. Subiri faili lionekane limekamilika. Mtandao ukiwa mdogo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usitoke.
5. Gusa "Turn in", kisha thibitisha inapokuuliza tena.
6. Rudi, fungua kazi upya, usome hali yake. Iwe "Turned in".
7. Piga picha ya kioo.

Namba 5 na 6 ndizo kiini cha mwongozo huu. Faili lililoambatishwa bila "Turn in" mfumo unalihesabu halijakabidhiwa, hata kama wewe unaliona pale kila siku.

Makosa yanayojirudia, na sababu zake

*Mmebonyeza "Mark as done".* Kitufe hicho huonekana pale ambapo hakuna kilichoambatishwa. Ukikibonyeza, mfumo unamwambia mwalimu mtoto amemaliza, naye akifungua anakuta patupu. Gusa "Unsubmit", ambatisha faili, kabidhi tena.

*Mwalimu anasema faili linamtaka aombe ruhusa.* Mmetuma linki ya faili lililo kwenye Drive ya mzazi. Skani upya ndani ya Drive ya mtoto, au pakua PDF kwenye simu kisha uiambatishe kama faili.

*Mmegusa "Unsubmit" ili kurekebisha neno moja, mkasahau kukabidhi tena.* Kazi iliyokuwa imefika sasa haipo. Na mkikabidhi baada ya muda kupita, itaandikwa imechelewa, ingawa ya kwanza ilifika mapema. Kama kosa ni dogo, liacheni na mwandikieni mwalimu kwenye "Private comments". Sehemu hiyo anaiona yeye tu. Maoni ya darasa yanaonwa na wote.

*Kazi ya dada imeonekana kwa kaka.* Akaunti haikubadilishwa. Tazama lile duara kabla ya kila kitu.

Kama shule inapokea kwa WhatsApp. Mtumie mwalimu binafsi, si kwenye grupu, isipokuwa ameagiza hivyo. Majibu yakiwekwa kwenye grupu, nusu ya darasa hunakili. Gusa alama ya klipu, chagua "Document", tuma ile PDF. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huipunguza ubora na mwandiko mdogo unafifia. Andika chini yake jina, darasa na somo. Alama mbili za tiki zinaonyesha imefika kwenye simu ya mwalimu. Hazisemi kwamba ameifungua.

## Hatua ya 8: Dakika 15 kila Ijumaa

Keti na mtoto mmoja mmoja. Fungua kila somo na usome hali za kazi: "Assigned" ni kazi inayosubiri, "Missing" muda umepita na haijakabidhiwa, "Returned" mwalimu ameisahihisha na kuirudisha. Watoto wengi hawafungui iliyorudishwa, ilhali maelezo ya mwalimu yako humo.

Kama kuna "Missing" zaidi ya mbili, usimpige mtoto wala kumfokea kabla hujazifungua. Linganisha na picha za kioo ulizohifadhi. Ikiwa kweli hazijafanywa, mwombe mwalimu akuchagulie mbili zenye uzito zaidi muanze nazo. Mtoto aliyebeba kazi 11 kwa mkupuo hukata tamaa.

Shule zenye akaunti rasmi za Google zinaweza kumtumia mzazi muhtasari wa kazi kwa barua pepe, kila siku au kila wiki. Mwombe mwalimu akualike kama mlezi, kisha uukubali mwaliko huo ndani ya siku 120 kabla haujaisha muda. Mzazi aliye Muscat anaweza kuupokea pia, na hii ndiyo njia bora ya yeye kufuatilia bila kumpigia bibi simu za maswali kila usiku.

## Hatua ya 9: Mtandao, umeme au bando vikiisha

Toa taarifa kabla ya muda kuisha. SMS ya kawaida haihitaji bando: "Mwalimu, ni Mama Neema 5B. Umeme umekatika tangu asubuhi. Kazi ya sayansi imekamilika kwenye karatasi, tutaituma ukirudi." Pigeni picha karatasi hizo siku hiyo hiyo, simu hutunza tarehe ya picha.

Kama hali ni ya kudumu, nenda shuleni ukaombe kazi zilizochapwa za wiki nzima na siku ya kuzirudisha. Hilo ni ombi halali kabisa, na mwalimu mkuu angependa kulisikia wiki ya kwanza kuliko mwisho wa muhula. Mei 2024, mafuriko yalipochelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili Kenya, mahali pengine barabara na umeme vilikatika kwa pamoja. Familia yenye vitabu na kazi za karatasi ndani haisimami siku kama hizo.

Siku mtandao ukiwa mzuri, au kwa kifurushi cha usiku, pakua mapema. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na Kenya kuna Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo. Hifadhi kitabu cha kila somo kwenye simu, na mtoto atasoma bila bando.

## Hatua ya 10: Kufunga muhula

Usiiache akaunti ikae tu. Mtoto akihama au akimaliza, shule huweza kuifunga akaunti yake, na kila kilicho ndani kinaondoka nayo. Wiki ya mwisho, pakua kazi zilizosahihishwa za masomo makuu na uziweke kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya ndugu. Mwalimu wa shule mpya akizitaka, unazo.

Kama simu inauzwa au inapewa mtu, nenda Settings, "Accounts", chagua akaunti ya kila mtoto, kisha "Remove account". Kuiondoa kwenye simu hakuifuti akaunti yenyewe wala kazi zilizomo. Mtoto ataingia tena kwenye simu nyingine kwa nywila iliyo kwenye daftari.